M ya Mgonjwa, M ya Mbolea

Jina lake la kwenye cheti halitumiwi na mtu. Uwanjani wanamwita Chaki, na hata mumewe, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na geti la stesheni, wateja wakimuuliza jambo la nyumbani hujibu, "Ngojeni Chaki arudi." Ana miaka arobaini na minane, magoti yanayolalamika kwenye ngazi, na vidole viwili vya mkono wa kulia ambavyo havijatakata sawasawa kwa miaka kumi na tisa.

Mji wetu uko pale reli inapogawanyika mara tatu. Njia ya kwanza inapanda milimani kwenye mashamba, ya pili inaingia viwandani, ya tatu inavuka mpaka. Treni ya mizigo inayopanda kutoka bandarini huingia uwanjani alfajiri na mabehewa arobaini yaliyoungwa ovyo, saruji kando ya ngano, bati kando ya chumvi, na lazima ikatwe vipande na kupangwa upya ili kila behewa lifuate njia yake. Ili likatwe pahala sahihi, mtu lazima aliandike. Mtu huyo ni Chaki. Anatembea ubavuni mwa treni na karatasi za mizigo mkononi, anasoma namba ya behewa, anatafuta kwenye karatasi, kisha anaandika mlangoni tarakimu kubwa nyeupe: moja, mbili au tatu.

Nyuma yake anakuja Filimbi, mwanamume mfupi mwenye kibendera chekundu na sauti ya jogoo, anayemwelekeza dereva wa kichwa kidogo cha kusukumia mabehewa. Filimbi hashiki karatasi. Husema mikono yake ina grisi na karatasi zina heshima zao. Yeye husoma chaki tu, na akiisoma haulizi mara mbili.

Kulikuwa na alama nyingine moja. Behewa likionekana na hitilafu, gurudumu lenye ufa au breki zilizoganda, Chaki aliongeza herufi M mbele ya tarakimu. M ya mgonjwa. Mgonjwa alisukumwa kwenye reli ya pembeni iliyoishia kwenye tuta la mchanga, reli ambayo watu wote wa uwanjani huiita wodi, akalazwa humo mpaka mafundi wapate nafasi. Alama hiyo haikuandikwa kwenye kitabu chochote. Chaki aliipokea kwa aliyemtangulia, naye aliipokea kwa mwingine ambaye hakuna anayemkumbuka.

Msimamizi wa uwanja alipostaafu, Chaki alikaimu nafasi yake kwa miezi minne. Kukaimu ni neno baya. Linakukalisha kwenye kiti bila kukupa kiti. Kwa miezi hiyo minne alikuja kazini nusu saa kabla ya wote, akapanga mafaili, akapanda maua kwenye kopo la rangi na kuliweka dirishani, na mumewe akamshonea sketi mbili za kazi za kitambaa kizito cha buluu. Kisha barua ikaja. Msimamizi mpya alikuwa wifi yake.

Hapo ndipo lazima nirudi nyuma kidogo. Wifi huyu, mdogo wa mwisho wa mumewe, aliletwa kwao akiwa na miaka kumi na minne ili asome mjini, akiwa na begi lenye zipu iliyokufa na kikohozi kisichokwisha. Chaki ndiye aliyemkanda kifua. Chaki ndiye aliyemsuka kila Jumapili, kichwa cha msichana kikiwa kimelala mapajani mwake. Wakati wa likizo msichana alimletea chakula uwanjani, na badala ya kurudi nyumbani akabaki kumfuata nyuma nyuma kutoka behewa hadi behewa, akiuliza kwa nini hili linaenda kule na lile linabaki. Chaki alipenda kuulizwa. Siku moja alimkatia kipande cha chaki na kumwambia aandike yeye, na msichana akaandika "1" ndefu iliyonyooka, nzuri kuliko zake. Msichana akaenda kusomea uchukuzi miaka mitatu, akafanya kazi bandarini miaka sita, akarudi na barua.

Wivu wa Chaki haukuwa na kelele. Hakununa, hakusengenya, wala hakuacha kula. Ulikuwa wivu wa macho. Aliona koti jipya la rangi ya chungwa lililoandikwa MSIMAMIZI mgongoni. Aliona kwamba madereva wa malori, waliozoea kumpigia yeye honi, sasa walivua kofia kwenye dirisha la ofisi. Aliona yule binti, ambaye hajazaa, akiitwa "mama" na wanaume waliomzidi umri, wakati yeye mwenye watoto watatu akiitwa kwa jina la kifaa. Aliona maua yake kwenye kopo yakimwagiliwa na mwenzake, na yakistawi.

Na nyumbani hakukuwa na mapumziko.

"Mdogo wangu ameondoa foleni ya malori pale getini," mumewe alisema jioni moja akimenya chungwa. "Watu wanamsifu."

"Watu gani?"

"Wateja."

"Wateja wako wanakuja kupunguza suruali. Foleni wameijulia wapi?"

"Si wanapita pale? Watu wana macho, mke wangu."

"Wana macho," Chaki alisema. "Miaka kumi na tisa walikuwa wameyafumba."

Mumewe alicheka akidhani ni utani, akampa kipande cha chungwa. Alikula. Kilikuwa kitamu, na hilo nalo lilimuudhi.

Laiti wifi angekuwa na kiburi, ingekuwa nafuu. Mtu mwenye kiburi unaweza kumchukia mchana kweupe na dunia ikakuelewa. Lakini huyu alimpa Chaki kiti chenye mto kwa sababu ya magoti. Alipochemsha chai alimmiminia kwanza. Mbele za watu alisema, "Kazi hii nimefundishwa na wifi yangu," na watu wakamtazama Chaki kwa huruma ile inayopewa ngazi baada ya mtu kupanda juu. Fadhila ya punda ni mateke, wahenga walisema. Chaki aliwaza kwamba hawakusema chochote kuhusu punda anayerudisha fadhila kwa fadhila, na wewe ukabaki na hamu ya teke.

Wiki ya sita, siku ya Jumatatu, Msimamizi aliita kikao kifupi ofisini. Alikuwa na wazo, na kwa bahati mbaya lilikuwa zuri. Kule juu milimani, alisema, treni ikifika wapakuaji hufungua milango yote kutafuta nini kimo wapi, na nusu siku inapotea, na mvua ikinyesha mizigo inalowa. Basi kuanzia sasa kila behewa litaandikwa tarakimu ya njia, na mbele yake herufi ya kwanza ya mzigo. S ni saruji. N ni ngano. B ni bati. C ni chumvi. M ni mbolea. Mabehewa yenye hitilafu yaandikwe K, ya karakana. Alikuwa ameyapiga chapa hayo yote kwenye karatasi nzuri na kuibandika ubaoni.

Chaki alisoma orodha ile kwa kidole, na kidole kikasimama kwenye M.

Alijua hapo hapo. Mtu yeyote aliyefanya kazi ile uwanjani kwa mwaka mmoja angejua. Lakini wifi alipokuwa akimfuata nyuma nyuma kwenye mabehewa alikuwa mtoto, na wagonjwa walikuwa wachache siku hizo, na huenda Chaki hakuwahi kumwambia maana ya M. Alifungua mdomo.

"Wifi, umeonaje?" Msimamizi aliuliza, kwa sauti ya mtu anayengoja kusifiwa na mama yake.

"Ni vizuri," Chaki alisema. "Umefikiri."

"Filimbi hayupo, ameenda kung'olewa jino. Utamfikishia?"

"Nitamfikishia."

Na alimfikishia. Hilo alilisisitiza sana baadaye, na ni kweli. Jumanne asubuhi alimkuta Filimbi amekaa juu ya reli, shavu limevimba kama ana limau ndani.

"Herufi zimekuja," Chaki alimwambia. "Agizo la ofisini. S ni saruji, N ni ngano, B bati, C chumvi."

"Tunarudishwa darasa la kwanza."

"Na M..."

"M usinifundishe, dada," Filimbi alisema huku ameshika shavu. "M naijua kabla sijakujua wewe. Jana mimi mwenyewe nilikuwa M. Wangenisukuma wodini na kibendera changu."

Chaki alicheka. Alicheka kweli, kwa sababu Filimbi ni mcheshi hata akiwa na maumivu. Kicheko kilipokwisha palikuwa na nafasi ndogo, upana wa pumzi moja, ambamo angeweza kusema: la, imebadilika. Aliitazama nafasi ile ikipita. Kisha akauliza kama jino lilitoka na mzizi wake.

Jumanne haikuleta mbolea. Jumatano haikuleta. Chaki alilala vizuri siku zote mbili, na akajiambia kwamba kama jambo lingekuwa baya asingelala.

Alhamisi alfajiri treni ya bandarini iliingia na mabehewa tisa ya mbolea.

Lazima nieleze Alhamisi ni siku gani kwetu. Treni ya milimani hupanda mara moja kwa wiki, Alhamisi saa tisa alasiri, kwa sababu reli ni moja na kichwa chenye nguvu ya kupanda ile miinuko na mzigo ni kimoja. Zamani, kabla reli hiyo haijafufuliwa, mbolea ilipelekwa kwa malori wakati wa kiangazi tu, maana mvua ikianza barabara inakuwa uji, na mahindi ya kule yaliishia kuoza au kuliwa na panya. Sasa mbolea inapanda, na baada ya miezi kadhaa mahindi yanashuka kwenye mabehewa yale yale. Kwa ajili ya mahindi hayo kimejengwa kinu cha unga, na kwa ajili ya kinu yamejengwa maghala, na kwa ajili ya maghala kuna mtaa mzima wa nyumba za bati jipya, wenye zahanati na mafundi baiskeli. Watu wa mtaa ule wengi hawajui kwamba wamesimama juu ya mfuko wa mbolea uliofika kwa wakati. Usipofika, hakuna kinachoanguka siku hiyo. Kinaanguka miezi sita baadaye, na hakuna anayekumbuka ni Alhamisi ipi.

Chaki alikumbuka. Alisimama mbele ya behewa la kwanza, mlango umefungwa na lakiri yake, bati lenye umande. Karatasi ilisema mbolea, njia ya kwanza. Aliandika 1. Kisha akaandika M, kubwa, kwa utulivu, akafuatisha mguu wa mwisho wa herufi mpaka chini. Akaenda la pili. Hakuna kosa mkononi mwake. Alikuwa anaandika kama alivyoagizwa na mkubwa wake wa kazi, kwa orodha iliyopigwa chapa.

Filimbi alipofika alipiga mluzi mdogo.

"Wagonjwa tisa kwa mpigo? Hii treni imetoka vitani?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," Chaki alisema.

"Sawa. Mimi si daktari, mimi ni mbeba machela."

Akasukuma sita mpaka mwisho wa wodi, kwenye tuta la mchanga. Baadaye likapatikana behewa moja lenye ugonjwa wa kweli, breki zimeganda, likaburutwa humo likilia. Chaki aliliandika K, lakini Filimbi hakuhitaji herufi, alikuwa amelisikia. Kisha akamalizia na yale matatu yaliyobaki. Wodi ikajaa. Njia ya kwanza ikaanza kupangwa: saruji, bati, chumvi.

Orodha ya mwisho ya treni ya milimani huandikwa na Chaki na kutiwa sahihi na Msimamizi. Chaki aliiandika kwa mwandiko safi. Haikuwa na mbolea. Alijua wifi angetia sahihi bila kusoma, kwa sababu asubuhi nzima alikuwa kwenye simu na watu wa bandarini, na kwa sababu alimwamini. Kesho wapakuaji wa juu wangefungua milango na kuuliza. Keshokutwa watu wakubwa wangeuliza. Nao wangekuta ubaoni karatasi nzuri, na chini yake jina la aliyeitunga. Hakuna ambaye angeuliza ni nani aliyekuwa amekaimu.

Alikuwa anaipeleka orodha ile ofisini, saa saba na nusu, alipopigiwa simu na mama mkwe wake anayeishi kule juu, mwenye shamba ekari tatu mgongoni mwa kilima.

"Mwanangu, unanisikia?" Mama mkwe huongea na simu kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Nakusikia mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mvua imeanza. Siku ya pili leo. Mbegu zimo ardhini, mpaka za yule jirani mvivu. Mbolea inakuja?"

Chaki alisimama katikati ya reli mbili. "Kwa nini usimuulize binti yako? Ndiye msimamizi."

"Yule? Simu yake kila saa inatumika, imekuwa kama choo cha soko. Na mimi yule nitamuulizaje? Nimemzaa, namjua. Ana akili, lakini hata ndoo akitumwa alikuwa anarudi nusu. Wewe ndiye wangu." Alivuta pumzi. "Jana kwenye kikundi watu wamekuwa na wasiwasi, wanasema safari hii haitafika. Nikasimama. Nikawaambia, mkwe wangu ndiye anayeandika mabehewa kule chini. Akiandika yeye, linafika. Wamenipigia makofi."

"Umewaambia hivyo?"

"Kwani uongo? Kesho asubuhi wako stesheni na mikokoteni. Haya, mimi salio linakatika."

Alikuwa ameingoja sifa ile miaka kumi na tisa, na ilimjia hapo, kwenye kokoto, na orodha mkononi. Aliniambia kwamba jambo la kwanza alilohisi halikuwa huruma kwa wakulima wala hofu. Lilikuwa furaha, nyembamba na mbaya: mama amemtaja yeye, hakumtaja binti yake. La pili ndilo lililomfanya atembee. Kama mbolea haitafika, wifi ataumbuka mbele ya wakubwa wasiomjua, lakini huko juu, mbele ya makofi yale, atakayeumbuka ni yeye.

Alipoingia ofisini, Msimamizi alikuwa ameweka simu chini na kujinyoosha mgongo.

"Karibu wifi. Lete nitie sahihi. Chai ipo kwenye chupa."

"M," Chaki alisema.

"M imefanya nini?"

"Filimbi anaisoma mgonjwa. Siku zote ilikuwa mgonjwa. Mbolea yote iko wodini."

Msimamizi alitazama ubao, kisha saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

"Sikujua kuna M nyingine," alisema polepole. "Hujaniambia."

"Sijakuambia."

"Na Filimbi? Si ulimfikishia?"

"Nilimfikishia S. Nilimfikishia N, na B, na C."

"Na M?"

"Alisema anaijua."

"Nawe ukamwachia."

Chaki aliweka orodha mezani. Nje kichwa kidogo kilipiga honi mbili fupi. Wifi alimtazama, si kwa hasira, na Chaki akaona usoni mwake yule mtoto wa miaka kumi na minne aliyevutwa nywele wakati wa kusukwa na kukataa kulia.

"Tutaongea baadaye," Msimamizi alisema, akachukua koti lake. "Lipi liko mbele? Lile la breki zilizoganda liko katikati? Nani aliweka hivyo? Basi. Twende."

Niseme ukweli, aliijua kazi. Alipiga simu ofisi kuu ya kuongoza treni akaomba saa moja. Akapewa, kwa masharti kwamba treni ya mahindi inayoshuka ingoje kwenye kituo cha kupishana, na kinu kiambiwe. Akakiambia kinu, akatukanwa, akasema asante. Kisha akavua viatu vyake vizuri, akavaa buti, akashuka kwenye kokoto.

Yale matatu ya mbele yalitoka upesi. Behewa gonjwa likagoma. Magurudumu yaliburuzika bila kuzunguka, na kila hatua ilitoa sauti ya kisu juu ya sahani. Fundi akalala chini yake na nyundo. Filimbi, jasho likimtiririka kwenye shavu lake lililovimba, alimgeukia Chaki.

"Dada, kwa nini hukuniambia?"

"Ulinikatiza."

"Mimi nakukatiza kila siku. Siku zote huwa unamaliza."

Fundi aligonga, hewa ikatoka kwa mfoko mrefu, na gurudumu likazunguka. Lile behewa likasogezwa reli ya jirani kwa mwendo wa mtu anayeenda msibani. Yale sita ya nyuma yakavutwa. Chaki mwenyewe alipita kwenye kila mlango akafuta M kwa kiwiko cha sweta na kuandika neno zima, MBOLEA, herufi sita mara tisa, mpaka chaki ikaisha akamalizia na kipande cha chokaa alichobandua ukutani. Treni ya milimani iliondoka saa kumi na dakika tano. Filimbi aliipungia kibendera, kisha akakaa chini pale pale.

Treni ikichelewa zaidi ya nusu saa, sharti iandikwe barua ya maelezo siku hiyo hiyo, na atajwe aliyesababisha. Saa kumi na moja Msimamizi alimwita Chaki ofisini. Barua ilikuwa mezani, imekwisha kupigwa chapa, na chini palikuwa na nafasi ya shahidi.

"Isome, utie sahihi," alisema.

Chaki aliisoma amesimama. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba Msimamizi alibadilisha alama za mabehewa bila kwanza kuchunguza alama zilizokuwa zikitumika, na bila kuhakikisha mwenyewe kwamba maelekezo yamewafikia wahusika wote. Kosa ni lake peke yake. Jina la Chaki halikuwemo popote.

Alitegemea kusikia nafuu. Badala yake kitu kile kilichokuwa kimelala kifuani kwa wiki sita kikaamka na kusimama wima. Barua ilikuwa nzuri, imenyooka na haikujitetea. Mkubwa yeyote angeisoma na kusema, huyu binti ni mtu wa kweli, tumpandishe tena. Yeye mwenyewe, Chaki, katika maisha yake yote hakuwahi kufanya jambo la kusomwa hivyo. Alichowahi kukifanya kwa akili yake yote, kwa uvumilivu, bila kufundishwa na mtu, kilikuwa hiki, na sasa nacho kimeandikwa jina la wifi.

"Sitii sahihi," alisema.

"Wifi, nakuondolea matatizo. Una miaka kumi na tisa bila onyo."

"Najua nina mingapi."

"Nikiandika ukweli utapata barua ya onyo. Nafasi yoyote ikitokea hapa hutaipata tena."

"Kiti ulichukua," Chaki alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Sikusema kitu. Mume wangu ananisimulia wewe kila jioni, chungwa halimeng'enyeki. Sijasema kitu. Hili hulichukui. Hili nimelifanya mimi, kwa mkono wangu, nikijua. Ni langu."

Msimamizi aliegemea nyuma. Kwa muda alionekana atalia, kisha atacheka, na hakufanya lolote kati ya hayo.

"Unanionea wivu mpaka kosa, wifi?"

"Mpaka kosa."

"Hata hujaomba msamaha."

"Bado," Chaki alisema. "Ngoja kwanza niwe nimekosa mimi."

Msimamizi aliichana barua ile katikati, polepole. Akatoa karatasi nyeupe na kalamu, akaondoka kwenye kiti na kwenda kusimama dirishani, ampishe akae.